Siku nne kabla ya kupanda Kitonga na Prado iliyotembea kilomita 287,000

Kaka yangu alikuwa na Toyota Surf. Mpira wa rejeta ulimpasukia katikati ya mlima Kitonga, ule mpando mkali wa njia ya Iringa, mbele yake semi-treila, nyuma yake semi-treila, hana pa kuegesha. Akaendelea kusogea mita mia mbili, tatu, akitafuta pa kujibanza. Hizo mita ndizo zilizoua injini. Silinda hedi ilipasuka, na hela aliyotoa kulitengeneza lile gari ilizidi ada ya mwaka mzima ya wanawe wawili. Mpira wenyewe bei yake haifikii kuku wawili wa kienyeji. Niliushika mkononi: umelainika kama embe lililopitiliza, na kwa ndani nyuzi zimeshaachana.

Kwa hiyo nilipopata hela ya kununua gari la juu kwa kazi yangu ya kukusanya parachichi vijijini Njombe, ule mpira sikuusahau, maana injini niliyoipata ni ileile ya kaka. Prado ya mwaka 1999, dizeli, injini 1KZ-TE ya cc 2,982, gia boksi otomatiki. Dashibodi ilisoma 287,412. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa Dar es Salaam, mwenye heshima zake, akaniambia maneno ambayo kila aliyewahi kununua gari mkononi kwa mtu ameyasikia: "Dada, hili ni la kupiga funguo na kuondoka."

Simwiti mwongo. Naamini hata yeye alikuwa anaamini hivyo, kwa sababu gari liliwaka vizuri na lilitembea vizuri. Ila nilipomuuliza taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini, ilibadilishwa lini, alisema ilishabadilishwa. Lini? Kitambo kidogo. Ikiwa kilomita ngapi? Hajui. Haidroliki ya gia boksi je? Hajui. Oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu? Akanitazama kama nimemuuliza habari za jirani. Hapo ndipo nilipojiwekea sharti ambalo sijaliacha mpaka leo: kazi isiyo na tarehe wala kilomita iliyoandikwa mahali, kwangu mimi haijafanyika. Nikamwomba apunguze milioni mbili na nusu, akapunguza mbili, na zile mbili sikuzila. Nikaongeza za kwangu, nikazipeleka gereji. Nilinunua kauntabuku, ukurasa wa kwanza nikaandika 287,412, na pembeni yake: sifuri.

Na hiyo namba yenyewe usiishike sana. Namba ya dashibodi inarudishwa nyuma, kila mtu anajua. Mimi nilitazama mpira wa pedeli ya breki, ulikuwa umeisha upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa, na usukani ulikuwa laini kwenye saa nne na saa nane. Gari lililotembea kidogo halina pedeli ya namna hiyo. Huenda ni 287, huenda ni 400. Kwa kazi niliyotaka kuifanya haikujalisha, kwa sababu nilikuwa naanza kuhesabu upya.

Nilikaa kwa dada yangu Tabata siku nne, kila asubuhi napeleka gari kwa fundi mmoja mzee pale Ilala ambaye kaka alimwamini. Nilimwambia, "Mzee, nataka kupanda Kitonga nikiwa na amani. Anza na kinachoua." Akacheka kidogo, akasema, "Basi hatuanzi na oili, mwanangu. Tunaanza na kuangalia."

Alikuwa amenikataza kuliwasha asubuhi ile mpaka afike. Akaminya mpira wa juu wa rejeta gari likiwa limelala usiku kucha. Ukikuta mpira mgumu, umejaa upepo wakati injini imepoa, ujue kuna presha ya silinda inapenya kwenye maji. Hiyo ni gasketi au hedi. Wetu ulikuwa laini. Akafungua kifuniko cha rejeta (injini ikiwa ya baridi tu, ya moto haifunguliwi, itakuunguza uso), akaniambia niwashe, akakaa anaangalia maji kama mtu anayengoja samaki. Mapovu machache ya mwanzo, kisha kimya. Baadaye akafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, akakilaza juu ya tundu lake. Kilitetemeka, hakikuruka, na moshi uliotoka ulikuwa mwembamba. Haya mambo matatu hayana gharama, na laiti ningekuwa nayajua mapema ningeyafanya kabla ya kulipa, si baada. Nilibahatika tu.

Halafu akaniambia nizungushe funguo bila kuwasha injini, nihesabu taa. Chaji, oili, breki, hita plagi, zote. Ile iliyoandikwa T-BELT haikuwaka. Magari haya yana taa hiyo maalumu, huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kwamba mkanda umefika. Akaing'oa dashibodi, akanionyesha kwa nyuma: tundu la taa hiyo lilikuwa tupu. Balbu ilishatolewa. Kuna mtu, si lazima awe aliyeniuzia mimi, alikerwa na taa akaitoa taa, mkanda akauacha.

Tulipofungua kava, mkanda ulikuwa na nyufa katikati ya meno, na ukingo mmoja umeloa oili kutoka kwenye oili sili ya kamshafti. Mkanda uliokunywa oili hauchukui muda, na kwenye injini hii ukikatika pistoni zinakutana na valvu. Tulibadilisha mkanda, kapi lake la kukazia na ile sili iliyokuwa inavuja, maana kuweka mkanda mpya chini ya sili inayovuja ni kutupa hela. Fundi akaandika kilomita na tarehe kwa rangi nyeupe juu ya kava. Nikaweka na balbu mpya. Mimi nitaubadilisha tena kwenye 370,000, sitangoja taa.

Upande wa maji ndio uliochukua siku nzima na hela nyingi zaidi, na silalamiki. Tulipofungua chini ya rejeta yalitoka maji rangi ya mto wakati wa masika. Hakukuwa na kulanti, dawa ya kupozea isiyoleta kutu, hata tone; ni maji ya bomba, mwaka baada ya mwaka, yakila chuma. Fundi akafungua nyumba ya themostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akaingiza kidole, akakitoa: tupu. Nayo ilishatolewa. Hili nimelikuta kwenye magari mengi ya huku kwetu. Gari likichemsha, mtu anatoa themostati ili maji yazunguke muda wote, na kweli mshale unashuka. Lakini tatizo lenyewe, rejeta iliyoziba au kilachi inayoifanya feni ishike joto likipanda ikiwa imechoka, linabaki palepale limefichwa, na siku ya mlima mrefu linajitokeza. Isitoshe, kwa baridi ya Njombe mwezi wa saba, injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakula dizeli na inachafua oili.

Tulifungulia hita ya ndani ya gari mpaka mwisho ili na yale maji yaliyolala kwenye hita yatoke. Tukajaza maji safi, tukawasha, tukamwaga. Mara ya tatu yakatoka meupe. Rejeta niliamua kununua mpya badala ya kuzibua ya zamani, na sababu yake watu wengi hawaifahamu: kwenye gari la otomatiki, haidroliki ya gia boksi inapita kwenye bomba lililo ndani ya rejeta, chini, ili ipozwe. Bomba hilo likioza na kutoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi, na gia boksi inakufa kwa ugonjwa wa rejeta. Themostati mpya, mipira yote ya maji mipya, hata ile midogo ya hita ambayo haionekani mpaka uiname, na kifuniko kipya. Kifuniko watu wanakidharau, wakati springi yake ndiyo inayobana presha na kuyazuia maji yasichemke yakipita nyuzi 100. Kulanti tulichanganya nusu kwa nusu na maji ya betri, yaani yasiyo na chumvi. Gari likapandishwa pua juu kidogo, kifuniko wazi, tukangoja themostati ifunguke na hewa itoke. Ule mpira wa juu ulipopata joto ghafla mkononi mwangu nilifurahi kama mtoto.

Oili ya injini yenyewe ni kazi ya nusu saa. Lita 7 hivi, 15W-40 ya dizeli, na filta. Kilichonifundisha ni filta. Ya zamani fundi aliikata kwa msumeno wa chuma, akaivuta ile karatasi kama anafungua kinanda cha mkono, akaipeleka juani. Tulikuwa tunatafuta vumbi linalong'aa, maana hilo ni beringi za injini zinazokwisha. Tulikuta masizi, hakuna kinachong'aa. Kisha akachukua filta mpya niliyotoka kuinunua, kwenye boksi zuri kabisa, akaipima kwa mkono, akaniomba ruhusa aikate na yenyewe. Ndani karatasi ilikuwa na mikunjo michache, imebandikwa na gundi iliyoanza kuachia kabla hata haijaona oili. Nilirudi dukani, nikanunua nyingine duka jingine. Hiyo nayo niliipima kwa mkono kwanza.

Siku ya tatu tuliingia chini ya gari, na hapo ndipo nilipoogopa. Fundi alipandisha gurudumu la mbele kwa jeki, akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akaniambia niweke kidole pale bolijointi ya chini, kiungo kinacholishikilia gurudumu, inapokutana na mkono wake. Akanyanyua. Nilisikia "tik" kwenye kidole. Akashusha, akanyanyua, tik. Nafasi ilikuwa ndogo kuliko unene wa shilingi. Akaniambia kwa utaratibu kabisa kwamba kwenye gari hili uzito unaivuta ile bolijointi, hauikandamizi. Siku ikichomoka, gurudumu linalala chini ya madigadi na usukani haukusaidii tena. Mimi nilikuwa nimeliendesha gari hilo siku mbili mjini, na watoto wa dada yangu nyuma.

Nikamuuliza kama kuna ya mtumba ya haraka, maana jioni ilikuwa inaingia. "Bolijointi ya mtumba siifungi, mwanangu. Mtumba funga kioo, funga taa." Tulisubiri kesho yake, zikaja mpya pande zote mbili pamoja na boliti zake. Hiki ndicho ningemshauri mtu aanze nacho hata kabla ya mkanda. Mkanda ukikatika unapoteza injini.

Halafu difu. Kijana wa gereji alishaingiza spana kwenye nati ya chini ya difu ya mbele, mzee akamzuia kwa sauti ambayo sikuisikia tena siku zote nilizokuwa pale: "Ya juu kwanza!" Ya juu ndiyo ya kujazia. Ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikagoma, gari lako limekwama hapohapo, huwezi kulitembeza hata kulipeleka kwa mchomeleaji. Na kweli iligoma. Ilikuwa imeshaliwa kona na mtu aliyetumia spana isiyo yake. Saa nzima ya kuipasha moto, kuinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, kuigonga taratibu. Ilipolegea ilitoa mlio kama wa mlango wa zamani.

Difu ya nyuma oili yake ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji. Difu ikiwa ya moto ukavuka mto, inapoa ghafla na kuvuta hewa kupitia kitundu chake cha kupumulia. Kitundu kikiwa kimezibwa na tope, inavuta maji kupitia sili. Tulikikuta kimeziba kabisa, kidogo kama kichwa cha kalamu. Kwenye nati ya chini kuna sumaku, nayo ilikuwa na uji mweusi laini. Uji ni kawaida. Ukikuta vipande, meno yanavunjika. Ya nyuma tulimwaga mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kuosha tu. Kesi ya fowili, inayogawa nguvu mbele na nyuma, nayo ina oili yake peke yake, watu wanaisahau kwa sababu haionekani. Prado hii inavuta kwa magurudumu yote muda wote, kwa hiyo hata barabara ya lami kesi inafanya kazi. Tukapiga gresi nipo za propela shafti, ile mihimili inayopeleka nguvu kwenye difu, tatu mbele, tatu nyuma, mpaka gresi ya zamani ikatoka nyeusi kwenye krosi.

Gia boksi nilibishana na watu watatu. Wote waliniambia, ukibadilisha haidroliki ya zamani gia zitaanza kuteleza, iache. Fundi alisema hilo hutokea kwenye gia boksi ambayo tayari imekufa, haidroliki nyeusi yenye harufu ya kuungua ndiyo inayoishikilia. Yetu ilikuwa ya hudhurungi, hainuki. Ukifungua nati ya chini hutoi hata nusu yake, nyingine inabaki ndani ya mitambo, kwa hiyo tulimwaga na kujaza, nikatembea, tukarudia. Mara ya tatu niliifanyia Njombe. Kipimo chake kinasomwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia ikiwa P. Gia sasa zinaingia bila kusukuma.

Breki nitasema kwa ufupi ingawa si jambo dogo. Oili ya breki inanyonya unyevu hewani; ikiwa ya zamani, kwenye mteremko mrefu inachemka na pedeli inazama. Yetu ilitoka nyeusi. Tulisukuma DOT 3 mpya gurudumu kwa gurudumu mpaka ikatoka safi, na mipira yake miwili ya mbele iliyokuwa na nyufa ikabadilishwa. Matairi yalionekana mapya, kashata zake nzuri. Nilipiga tochi pembeni nikasoma tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT: 1811. Wiki ya 18, mwaka 2011. Tairi za kuwekwa kivulini, si za kubebea watu. Filta ya dizeli, ea klina, feni belti: mpya, hayana hadithi.

Nilivyovipitisha kwa makusudi ni vingi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka, bushi za nyuma zinalia, kioo cha dereva kinapanda kwa kusaidiwa na mkono. Viliandikwa ukurasa wa pili wa kauntabuku na vimefanyika kimoja kimoja kadiri parachichi zilivyolipa. Fundi alinisaidia kutenganisha: kinachoua watu, kinachoua injini, kinachokera. Cha tatu kinasubiri.

Jumla nilitumia 3,180,000. Rejeta, bolijointi na matairi manne ndiyo yaliyokula sehemu kubwa.

Nilitoka Dar saa kumi na moja alfajiri. Mikumi tembo walikuwa karibu na barabara, nikapita taratibu. Ruaha Mbuyuni nikasimama, nikanunua vitunguu, lakini ukweli ni kwamba nilitaka nifungue boneti niangalie kila mpira kwa macho kabla ya mlima. Pakavu kote. Kisha Kitonga. Nyuma ya lori lililobeba saruji, gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, jua la saa sita. Nilikuwa naangalia mshale kuliko barabara, mpaka nikajikanya. Ulipanda unene wa kucha juu ya pale ulipozoea, nikasikia feni inashika na kuvuma kwa nguvu, mshale ukarudi. Nilipita lile eneo kaka alipokwama. Palepale, ukuta wa mwamba kushoto, bonde kulia. Nilipofika Ilula niliegesha karibu na wauza nyanya, nikazima muziki, nikampigia.

Hiyo ni miezi kumi na moja iliyopita. Kauntabuku sasa inasoma 306,950. Oili ya injini namwaga kila 5,000. Wiki iliyopita nilimpigia yule mzee wa Ilala kumpa habari, nikamwambia mshale haujawahi kupita pale ulipofika siku ya Kitonga, gia zinaingia kama siagi, na nimeshavuka mito mingi ya huku bila tatizo.

"Mito mingapi?" akauliza.

Nikamwambia sikumbuki, masika yote.

"Na difu ya nyuma umeifungua tena kuangalia rangi?"

Sikuwa nimeifungua. Nilitoka na spana ya 24 jioni ileile, nikaanza na nati ya juu.